Vibandiko vya Flaviana

Riverdale Park, Maryland
6 Septemba 1998

Dada yangu Bhoke,

Shikamoo. Mimi mzima, nimenenepa mpaka magauni niliyokuja nayo yananibana kwapani, na mjukuu wetu Mark ameota jino la nne. Habari za afya zimeishia hapo. Sasa kaa vizuri nikupe za mwanao Flaviana, maana nikikaa nazo peke yangu nitapasuka.

Yule mtoto aliyekuwa anakimbia kuku, leo ana koti jeupe! Ana kitambulisho chenye sura yake, anakivaa shingoni, na mlango wa kazini kwake, hapo College Park, haufunguki mpaka auonyeshe hicho kitambulisho. Kazi yake ni kupiga picha matiti ya wanawake. Usicheke. Ni picha za kutafuta kansa iliyojificha ndani kabla mwenyewe hajaisikia. Unasimama, ziwa linawekwa juu ya bamba, bamba jingine linashuka kutoka juu, na ziwa linakuwa kama andazi lililokaliwa. Wanawake wengi wakibanwa mara moja hawarudi tena. Kwa Flaviana wanarudi. Anafunga mlango, anapasha lile bamba moto kwa taulo, anakwambia kila anachotaka kufanya kabla hajafanya, na ukisema basi, anaacha.

Halafu ana vibandiko. Hapo ndipo akili yake inapoonekana. Ni vidogo, ndani yake mna chembe ya madini ya risasi kama punje ya ulezi. Kimoja kwenye chuchu, cha duara kuzunguka chunjua, na chenye mstari juu ya kovu. Kwenye picha ile risasi inatoka nyeupe, na daktari anajua hiki ni chunjua, kile ni kovu, asije akamtisha mtu bure. Zamani walikuwa wanatumia plasta inayong'oa ngozi. Yeye ametafuta vinavyobanduka taratibu. Meneja wao, mwanaume mrefu wa tai, analalamika kwamba vinachelewesha, kila mwanamke amepewa robo saa tu. Flaviana akamjibu mbele ya watu: "Mwanamke anayerudishwa kupigwa picha upya kwa ajili ya chunjua anachelewesha zaidi." Nimemzaa mimi huyo, dada. Kwa uchungu wa siku mbili.

Na mimi nimo. Walikuwa wanawavalisha wanawake magauni ya karatasi, yako wazi kama mlango wa banda. Nimeshona ya kitenge kumi na mawili, yanafungwa mbele kwa kifungo kimoja.

Jumanne nikaenda na mimi kupigwa. Pale kwenye viti vya kusubiri kulikuwa na mama wa Kikenya, Chelagat, anayelea wazee. Nikamweleza kwamba hii yote unayoiona ni kazi ya mwanangu. Akasema, "Haki mama, wewe unaringa! Si hata hiyo mashine utasema ulizaa?" Tukacheka mpaka meneja akatoa kichwa.

Flaviana aliniambia, "Mama, siwezi kukuvua nguo mimi." Sawasawa, mtoto hamvui mama yake. Akanipa mwenzake, Violet, binti mzuri ila ana haraka. Kwanza alinifuta poda yote niliyojipaka kifuani, eti nayo inatokea kwenye picha. Kisha akasoma maswali, na Flaviana akiwa nje ya pazia akatafsiri. Akauliza, "Mama, una kovu kwenye matiti, au chale?"

Nikajibu kwa sauti, "Sina."

Unajua kwa nini nimesema sina. Violet hakuchungulia wala hakubandika hata kimoja. Dakika kumi nikawa nimevaa.

Mdogo wako,
Ghati, Mama wa Flaviana Mpiga Picha


Tarime
25 Septemba 1998

Ghati,

Marahaba. Umejipaka poda ukaenda kubanwa na chuma. Ulitaka kikupose?

Flaviana namfurahia, mwambie Mama mkubwa wake anamfurahia, lakini barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango. Umefanya vyema kusema huna. Yale ya mwaka sitini na sita ni ya wembe wangu na ngozi yako. Flaviana alikuwa na wiki tatu, ziwa limevimba kama kibuyu, homa inakusemesha ovyo, mume wako yuko masomoni kwenye ukatekista, na mto umetukata na misheni. Nilikuchanja nikakupaka dawa ya mganga, ukapona. Silvanus aliporudi tulimwambia sista alikutoboa kwa sindano. Basi, hayo ndiyo yaliyotokea.

Mume wako Jumapili iliyopita amehubiri tena juu ya waganga, mpaka mate yanamruka. Na usisahau mama Gervas alivyosimamishwa kwenye chama chenu cha akina mama wa kanisani, Wawata, kwa ajili ya chale za mgongo. Aliyesoma jina lake mbele ya akina mama wote ni wewe Ghati, mwenyekiti wao. Ukifungua mdomo huko, hata maji yataleta habari hapa.

Funga kifungo chako cha kitenge ukae kimya.

Dada yako,
Bhoke


Riverdale Park
14 Oktoba 1998

Dada Bhoke,

Shikamoo. Picha imeleta maneno.

Waliniita tena, wakanibana tena, wakanionyesha kwenye ubao wenye taa. Ziwa la kushoto, upande wa chini, lina chembe nyeupe, kama mtu amenyunyiza chumvi. Daktari wa picha ni mama wa makamo, ana miwani kwenye kamba. Aliongea na Flaviana muda mrefu, mimi nimekaa katikati yao kama mzigo wa abiria. Nikagonga meza. Nikamwambia Flaviana, "Mwambie ziwa ni langu, aniangalie mimi." Akaniangalia. Akasema anataka kukata kipande kikapimwe, tarehe ishirini na nne Novemba. Na akanionya: kwa jinsi chembe zilivyotapakaa, zote zikiwa za ugonjwa, ziwa lote litaondoka.

Nimekuja nyumbani nimepika ugali, nimekula peke yangu. Flaviana amefungulia maji bafuni nusu saa asije akasikika analia. Anadhani mimi sijui maana ya maji yanayotiririka bila mtu kuoga.

Jana nilimzunguka. Nikauliza, "Hivi mtu akiwa na masizi ndani ya ngozi, yanaonekana kwenye picha?" Akaacha kumlisha Mark. "Kwa nini unauliza, mama?" Nikasema kuna mama mmoja wa kanisani. Akasema masizi ya kuni na majivu ya majani hayaonekani hivyo. Kinachotoka cheupe ni kitu chenye asili ya chuma au jiwe.

Sasa dada, nakuuliza na unijibu. Dawa uliyoileta kwa mganga ilikuwa na nini ndani? Kama ni majani, basi hizi chembe ni ugonjwa, na sina sababu ya kumvua nguo mume wangu mbele ya waumini wake. Kama kulikuwa na kitu kingine, nitasema, na Wawata wanisimamishe mchana kweupe.

Lakini kukatwa kwa kubahatisha sikubali. Ziwa hili limenyonyesha watoto sita na mmoja wa jirani. Haliendi kama kipande cha sabuni.

Nijibu haraka.
Ghati


Tarime
2 Novemba 1998

Ghati,

Majani. Ni majani ya mti, yalichomwa yakasagwa, mganga akayafunga kwenye jani la mgomba nikaja nayo. Hakukuwa na kingine.

Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa. Mungu yupo na madaktari wapo. Usitaje chale kwa mtu yeyote, na mimi usiniulize tena. Mvua zimeanza, nina kazi shambani.

Bhoke


Riverdale Park
9 Novemba 1998

Kwako Mama mkubwa,

Shikamoo. Ni mimi Flaviana. Unisamehe Kiswahili changu cha kuandika, siku hizi naandika Kiingereza tu na mkono umesahau.

Mama amekataa kukatwa. Juzi asubuhi alimfuata daktari mwenyewe, bila mimi, kwa maneno machache ya Kiingereza aliyonayo. Alisema, "No cut. I am not chicken." Daktari akatabasamu. Mama hakutabasamu. Tarehe ishirini na nne imefutwa, na hakuna tarehe nyingine. Nikimwambia chochote anaimba nyimbo za Wawata kwa sauti. Anakusikiliza wewe tu duniani, ndiyo maana nakuandikia bila yeye kujua.

Kuna kitu kinanisumbua. Nimekaa na zile picha zake jioni nyingi baada ya kazi. Chembe nyingi zimejipanga, tatu tatu, kwa mistari mifupi, kama mtu alizipanda kwa mkono. Sijawahi kuona ugonjwa unaopanda kwa mistari. Nilimwambia daktari. Akasema fomu inaonyesha mgonjwa hana kovu lolote, na picha haina alama yoyote, kwa hiyo yeye anasoma anachokiona.

Mama mkubwa, mimi kila siku nawauliza wanawake nisiowajua. Wakenya, Wakongo, mabinti wa ubalozini. Nawauliza, mama, una chale mahali? Nisamehe, siulizi kwa ubaya, nataka kukubandikia alama. Wananionyesha. Mmoja alilia, akasema hajawahi kuulizwa na mtu asiyemcheka. Lakini mama yangu mwenyewe nilimwuliza nikiwa nje ya pazia. Nikasikia "sina," nikashukuru, nikaondoka haraka. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Wewe ulikuwepo nilipozaliwa. Je, mama aliwahi kuumwa ziwa? Kuna mtu alimchanja? Kama yupo, ninachotaka ni kujua alichopaka. Sitamlaumu mtu. Lakini kama ni ugonjwa kweli, kila wiki anayoimba nyimbo ni wiki tunaipa kansa.

Mwanao,
Flaviana


Tarime
28 Novemba 1998

Ghati mdogo wangu,

Barua hii naituma kwa padre anayesafiri, ili ifike kabla ya posta kuilalia.

Nilikudanganya. Si juzi tu. Nimekudanganya miaka thelathini na miwili.

Sikufika kwa mganga. Mto uliotukata na misheni ulinikata na yeye pia. Nilisimama ukingoni tangu asubuhi, maji yanapita na miti mizima. Nikawaza, nikirudi mikono mitupu Ghati anakufa na katoto kanakufa. Nyumbani kulikuwa na ile tochi ya baba. Nikatoa betri, nikaipasua kwa jiwe. Ndani mna unga mweusi, mweusi kuliko dawa yoyote ya mganga. Nikauchanganya na samli, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikaja nikakwambia mganga amekusalimu.

Ulipona, Ghati. Nadhani ni wembe ulitoa usaha, sijui. Lakini watu waliona umepona. Mama Robhi akaja na goti, nikamchanja. Akaja mwingine na kichwa. Ndiyo ile dawa nyeusi ya Bhoke wanayoisifu mpaka Sirari. Umewahi kujiuliza kwa nini nyumbani kwangu hakuna redio inayozungumza? Betri zote nilikuwa nazipasua.

Ulipouliza mara ya kwanza nikasema majani, kwa sababu mwanamke wa miaka sitini akisema alikuwa anawapaka watu betri, anabaki na nini? Kisha Flaviana akaniandikia. Ndiyo, aliniandikia kwa siri, usimgombeze. Anasema chembe zimekaa tatu tatu kwa mistari. Nikaiweka barua chini. Mkono wangu ndio uliopanga hivyo. Tatu, tatu, tatu, na mbili za mwisho. Ulipiga kelele nikashindwa kuendelea.

Sema. Mwambie mtoto, mwambie daktari, mwambie na Silvanus ukitaka. Sema Bhoke, sema betri ya tochi. Sitakana.

Nimeutupa wembe chooni.

Dada yako, ukinitaka bado,
Bhoke


Riverdale Park
16 Desemba 1998

Dada Bhoke,

Shikamoo, mchawi mkubwa wewe.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikalia, halafu nikacheka mpaka Mark akaogopa. Betri! Ndiyo maana Silvanus husema mimi nina moto. Hasira ninayo, nitakuwekea, tutazungumza uso kwa uso na utanipikia kuku. Leo sina nafasi ya hasira.

Nilimwita Flaviana jikoni, nikamwambia keti. Nikamwambia: nina chale, kumi na moja, alinichanja Mama mkubwa wako, akanipaka betri ya tochi, na nilipokujibu "sina" nilikudanganya kupitia pazia. Akasema, "Mama, nilihisi, nikakuacha." Nikamwambia, basi tumekosana wawili. Kesho unanipiga picha wewe mwenyewe. Akaanza, "Mama, si vizuri mimi..." Nikamkata. "Ziwa hili lilikuwa lako kabla halijawa la daktari. Ulilishika kwa mikono miwili ukilia. Lishike tena."

Kesho yake meneja anasema hakuna nafasi, na mstari juu ya kila kovu ni kupoteza muda. Kwenye viti vya kusubiri walikuwa wanawake wanane. Nikasimama nimevaa kitenge changu cha kushona mwenyewe, Flaviana anafasiri. Nikasema: "Hapa karibu nikatwe ziwa lote, kwa sababu nilipewa dakika kumi na hakuna aliyenibandika kitu. Nilidanganya, ndiyo, niliona aibu. Lakini ngozi yangu haikudanganya, ilikuwa wazi mbele yenu. Sasa leo nabandikwa kila mahali. Mwenye haraka atangulie." Hakuna aliyetangulia. Chelagat alikuwepo, akapiga makofi, akasema kwa sauti, "Mimi pia niko na zangu, hapa na hapa! Flaviana, uniwekee!" Meneja akaenda kunywa kahawa.

Flaviana alibandika vibandiko kumi na kimoja, kimoja kimoja, mikono yake ya moto. Hakuniumiza hata kidogo.

Sasa sikiliza vizuri. Daktari alituita kwenye ule ubao wa taa. Mistari ya risasi inaonekana, na chembe zimelala chini ya mistari, ziko kwenye ngozi tu, hazina neno. Akaomba radhi, akiniangalia mimi. Nikaanza kujisifu. Flaviana akanishika mkono. "Mama, subiri."

Kuna chembe tano ambazo hazina mstari juu yake. Ziko ndani, mbali na ngozi, zimekusanyika pamoja. Zile za betri zilikuwa nyingi, zikazificha hizi. Barua yako ilipoziondoa zako, dada, hizi zikabaki peke yake.

Daktari akasema kipande cha kukata sasa ni kidogo, kama zabibu moja, na ziwa linabaki. Hakika hana mpaka kipimwe. Nikamwambia, "Tarehe tano Januari. Na Flaviana awe ndani, na mnivalishe kitenge." Mimi sikukataa kisu, dada. Nilikataa kisu kisichojua kinakokwenda.

Silvanus nimemwandikia leo hii, kurasa nne, sikumficha kitu. Na wenzangu wa Wawata nimewaandikia: mama Gervas arudishwe, au mwenyekiti wao aondoke. Wachague.

Mdogo wako wa betri,
Ghati


Tarime
9 Januari 1999

Ghati,

Sijui kama barua hii inamkuta mtu mzima au inamkuta mtu kitandani. Naandika tu.

Silvanus alikuja kwa baiskeli, barua yako mfukoni. Alisimama uani bila kusalimia. Akauliza, "Ulimkata kwa wembe gani?" Nikamwambia. "Na alikuwa anakufa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuwa darasani nakariri amri kumi." Kisha akakaa kwenye kigoda changu mpaka jua likahama. Nilimpa uji, akanywa. Hajasema amekusamehe, nami sikuuliza. Lakini Jumapili watu wote walisubiri atoe ya waganga. Akahubiri habari za samaki wawili na mikate mitano.

Wawata wamekutana mara mbili, wamegombana mara mbili. Mama Gervas anasema hataki kurudishwa na mtu, atarudi mwenyewe.

Mimi nawazungukia niliowachanja. Ni wanawake kumi na tisa ninaowakumbuka. Nimewafikia kumi na wanne. Kila mmoja namwambia ilikuwa betri, na kwamba siku atakayosimama mbele ya mashine ya hospitali yoyote, aonyeshe chale, asifiche. Wawili wamenitukana matusi ambayo hata sisi hatukuyajua. Mmoja amenirushia maji ya vyombo. Kesho naenda Sirari kwa wengine.

Niandikie. Hata mstari mmoja. Hata matusi.

Bhoke


Riverdale Park
21 Julai 1999

Dada Bhoke,

Shikamoo. Kadi nilizokutumia zilikuwa fupi, najua. Mkono ulikuwa hauinuki vizuri, halafu ile miale ya hospitali ya kila siku kwa wiki sita ilinichosha mpaka kijiko kikawa kizito. Sasa nina nguvu, nakuandikia kwa kalamu ya Flaviana, kalamu ya ofisi.

Ilikuwa kansa. Neno hili kwenye kadi niliogopa kuliandika, leo naliandika. Changa, bado imejifungia ndani ya kijumba chake, haijatoka kwenda kokote. Wameitoa. Daktari anasema ningengoja mpaka niisikie kwa vidole, tungekuwa tunazungumza mengine. Ziwa lipo. Limepungua kidogo, limelala upande kama mtu aliyenuna, lakini lipo na ni langu.

Silvanus alipiga simu ya Posta siku ya Pasaka. Alipoteza dakika nzima akikohoa. Halafu akauliza, "Bado kunauma?" Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, dada, hajawahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Leo asubuhi nilikuwa na picha ya kwanza tangu nikatwe. Meneja bado ni yuleyule na tai yake ileile, ila sasa ukutani kuna karatasi ya Kiswahili, nimeiandika mimi kwa herufi kubwa: MAMA, UKIWA NA CHALE SEMA, HAPA HAKUNA WA KUKUCHEKA. Hakuiondoa. Flaviana anasema aliisogeza tu ikae sawa.

Viti vilijaa. Wanawake wa kila nchi, na Violet mlangoni na fomu yake. Siku hizi hana haraka, Flaviana amemfundisha na mimi nimemfundisha. Akaniita. Kwenye fomu kuna lile swali, na alinisomea kwa Kiswahili, amejifunza: "Mama, una kovu, au chale?"

Angeweza kuniuliza ndani. Nikamjibu palepale, kwa sauti ya kusomea somo la pili kanisani:

"Kumi na mbili. Kumi na moja za dada yangu, moja ya daktari. Bandika zote."

Ghati